Ukoko Mbele ya Baraza la Waonjaji

Wanaouliza nchi ya Nafuu iko upande gani wa dunia huwa hawafiki. Mwatime Shekue alifika kwa sababu hakuuliza. Alikuwa na shida, na shida ndiyo njia pekee inayotoka huku kwetu kwenda kule. Habari za mizigo na vumbi la safari tuziache zilipo, maana msikilizaji mwenye akili hataki kusikia jinsi mtu alivyokaa garini. Anataka kujua alichokikuta.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Mwatime alikuwa mtafiti wa ubongo, na aliyemlea ni shangazi yake, Mwanakheri, mpishi wa shughuli ambaye mjini kwao hapakuwa na arusi ya maana bila yeye kusimama jikoni. Asubuhi moja, shangazi akipepeta mchele, ungo ulimponyoka. Donge la damu lilikuwa limeziba mshipa mmoja kichwani. Mpaka afikishwe hospitali, apangwe kwenye foleni, atafutwe daktari wa kulizibua, ile sehemu ya ubongo iliyokuwa ikingoja damu ilikuwa imeshakufa. Shangazi aliokoka, lakini mkono wake wa kulia ulibaki mapajani na mdomo ukaenda upande. Tangu siku ile Mwatime alitafuta jambo moja tu: dawa ya kuulinda ubongo katika zile saa za kungoja.

Alikuwa nayo moja, dawa iliyojulikana kitambo kwa kazi nyingine. Alikuwa ameijaribu kwa panya wachache, panya wazee, na alichokiona kilimtia hamu na wasiwasi kwa pamoja. Ili ajue kama ni kweli au ni bahati, alihitaji panya wengi na ruzuku ya kuwatunza, na kila mlango aliogonga kwao ulifunguliwa na mtu mpole aliyemwambia arudi akiwa na ushahidi zaidi. Chumba chake cha panya kilikuwa kinakaribia kufungwa. Ndipo akasikia kwamba hakuna nchi inayotoa ruzuku za kuulinda ubongo kama Nafuu. Shangazi alimuaga kwa maneno yaliyotoka polepole, moja moja.

"Mimi yamenipita, mwanangu. Nenda kawatafutie wanaokuja."

Kitu cha kwanza alichokutana nacho Nafuu ni ngoma. Uwanja ulikuwa umefurika watu, vigelegele vinapishana, na katikati, juu ya mto wa hariri, amekaa panya mmoja mweupe, kijana, mwenye manyoya yanayong'aa. Panya huyo alikuwa amepona kiharusi. Alikuwa akitafuna karanga na hakuonekana kufuatilia sherehe. Kwenye viti vya mbele walikalishwa wagonjwa wa kiharusi wa mji ule, binadamu hasa, mikono imelala, midomo imepinda, na wananchi walipita mbele yao wakiwapa mkono mmoja mmoja na kuwaambia, "Hongera, panya wenu amepona." Wagonjwa walishukuru. Nafuu ni nchi ya watu wenye adabu.

Aliyempokea ni Bi Makini, msimamizi wa Jumba la Panya, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, ambaye alimzoea mgeni kabla hata hajamaliza kumuuliza jina. Alimweleza kwa fahari kwamba kiharusi kimeshindwa Nafuu mara nyingi kiasi kwamba ngoma zimechakaa zikawambwa upya. Dawa zinazoponya panya ni nyingi hata wameishiwa majina ya kuzipa. Mtaa wa mashariki wote wanakaa panya waliopona, na juu ya lango la mji imechongwa sentensi: HAKUNA PANYA WA NAFUU ALIYEPOOZA. Mwatime aliuliza kuhusu watu. Bi Makini alijibu kwamba watu wamo katika mpango, ila mpango unawafikia baadaye kidogo.

Jumba la Panya lilikuwa zuri kuliko nyumba nyingi ambazo Mwatime alipata kulala. Panya wote walikuwa weupe, wote madume, wote vijana, wote ndugu wa tumbo moja kwa vizazi na vizazi. Hapakuwa na mwenye presha, wala mwenye sukari, wala aliyenenepa, wala jike hata mmoja. Walilala kwa kengele na kula kwa kengele. Mwatime, ambaye kwao hakuwahi kumwona mgonjwa wa kiharusi aliyefanana na panya hao, aliuliza wazee wako wapi. Bi Makini alisema sheria inataka panya akianza kuzeeka astaafu, na aliposema hivyo alitazama pembeni.

Kilichomshangaza zaidi ni utaratibu wa majaribio. Nafuu panya hupewa dawa kwanza, kisha ndipo huletewa kiharusi.

"Kwetu ni aibu kumletea mgeni balaa kabla hujamlisha," alieleza Bi Makini.

Mwatime aliuliza kama na kiharusi cha watu huwa kinapiga hodi. Bi Makini alifikiri, akakiri kwamba kiharusi cha watu hakina malezi. Baada ya hapo mwenye panya mwenyewe ndiye humtazama panya wake na kutoa hukumu kama amepona, kwa kuwa sheria inaona hakuna amjuaye panya kuliko mwenyewe. Mwatime alikumbuka kwamba kipenda roho hula nyama mbichi, lakini alikuwa mgeni, akauliza habari za ruzuku.

Sasa tuje kwenye ruzuku, maana ndiyo iliyompeleka. Nafuu ruzuku hutolewa kwa mchele. Mchele ndio unaolisha panya na watunzaji wao, ndio unaolipa taa na maji, na mtafiti asiye na mchele hana utafiti. Mchele wote umo mikononi mwa Baraza la Waonjaji, na Katibu wa Baraza, Bwana Kanuni, mtu mwembamba aliyezungumza kana kwamba kila neno limepigwa pasi, ndiye aliyemsomea Mwatime sheria yake. Mwombaji wa mchele sharti aje mbele ya Baraza na sufuria ya pilau iliyokwisha iva. Huku akipakua, atangaze matokeo ya utafiti anaoombea. Waonjaji wakiona pilau ni nzuri na jibu ni "amepona", watampa mchele wa kuipika.

Mwatime alisema huenda hakuelewa. Ikiwa pilau imeshapikwa, mchele ni wa nini? Na ikiwa haijapikwa kwa sababu hana mchele, atapika na nini?

Bwana Kanuni hakuona tatizo. Mwombaji makini, alisema, hutumia mchele aliopewa kwa pilau ya jana kupikia pilau ya kesho, kwa sababu pilau ya jana ilikuwa imeshaiva alipopewa mchele wake. Na anayeanza? Anayeanza huazima kwa aliyetangulia. Na yule wa kwanza kabisa? Katibu alisema swali hilo halijawahi kuletwa mbele ya Baraza kwa utaratibu unaotakiwa.

Kulikuwa na sharti moja zaidi, nalo ndilo nguzo ya nchi ile. Sufuria haiingii Barazani ikiwa na ukoko. Wali ulioganda chini, ulioungua, ulioshika, hukwanguliwa kwanza na kutupwa uani kwa mlango wa nyuma. Na kama ilivyo kwa wali ndivyo ilivyo kwa utafiti. Panya ambaye hakupona, dawa ambayo haikufaa, jaribio lililogoma, hayo hayapigiwi ngoma, hayasemwi barazani, wala hayaulizwi. Mtu akipata jibu la hapana, hulitoa kwa mlango wa nyuma kimya kimya na jamaa zake hujifanya hawakuona. Mwatime alichungulia ule ua. Kuku wa Baraza la Waonjaji walikuwa wanono hata hawawezi kupanda ukuta, na kama kuna kiumbe aliyeujua vizuri utafiti wa Nafuu, basi ni wale kuku.

Bi Makini alimkaribisha jikoni kwake apike. Mchele wa kuanzia alimuazima, kama ilivyo desturi. Na Mwatime alijua kupika. Angewezaje kukosa kujua na ametoka katika nyumba ile? Alikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya ngozi ya tende, akatia bizari, akatia nyama na viazi, akapima maji kwa kidole, na mchele ulipokauka maji akafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Jikoni kukanukia. Walikaa kwenye vibao kusubiri, na wanawake wawili wakisubiri pilau hawawezi kukaa kimya.

Bi Makini alimuuliza dawa yake inaponya vipi. Mwatime, ambaye siku zote hizi alikuwa akiyameza maneno yake, alisema kweli. Alisema haiponyi. Alimweleza kuhusu panya wake wachache, wazee, wenye presha, ambao aliwapa dawa baada ya kiharusi na si kabla. Hakuna aliyesimama akacheza. Bi Makini akainuka, akafungua mlango mdogo nyuma ya ghala la mkaa, akamwita.

Ndani mlikuwa na panya. Wengine manyoya yamewapukutika, wengine wanene, wengine wanachechemea, majike kwa madume, wametandikiwa vitambaa vya kanga kuukuu. Walikuwa wastaafu, pamoja na majike waliokataliwa Jumbani. Sheria ilitaka waondolewe, na Bi Makini hakuwa na moyo wa kuwaondoa, kwa hiyo amekuwa akiwaficha na kuwalisha kwa makombo ya jikoni mwake. Na si hilo tu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba dawa hiyohiyo anayoitumia Mwatime aliwahi kuijaribu kwa wazee hawa, baada ya kiharusi, kwa sababu ilimkera kwamba dawa zote zinaponya vijana tu. Hakuna aliyepona. Akatupa jibu lake uani kama kila mtu, akalia siku moja, akarudi kwenye ngoma. Alikuwa na hakika kwamba ni yeye peke yake Nafuu nzima aliyepata hapana kwa dawa ile.

Walikuwa bado mlangoni, wanaulizana hili na lile, panya mmoja mzee anapanda juu ya kiatu cha Mwatime, harufu ilipowafikia. Walikimbia. Makaa yalikuwa yamezidi upande mmoja, na Mwatime alipozamisha mwiko alisikia chini ule mkwaruzo ambao kila mpishi anaujua. Pilau juu ilikuwa nzuri. Chini, upande wa kushoto, ilikuwa imeshika ukoko wa unene wa kidole, na mchele mwingine haukuwepo wala muda haukuwepo, maana tarumbeta la Baraza lilikuwa limeshalia.

Bi Makini hakuwa na wasiwasi. Alisema watakwangua, au akitaka, jirani ana sufuria ya pilau safi anayoweza kumuazima. Nafuu watu huazimana pilau kama huku kwetu tunavyoazimana chumvi. Amwage hii, abebe ile, atangaze kwamba panya wamepona, apate mchele, arudi kwao kwa amani, na huko kwao afanye utafiti anaoutaka. Wote hufanya hivyo. Shauri lile lilitolewa kwa mapenzi, na Mwatime, nisimsingizie ushujaa, alilipima. Alikiona chumba chake cha panya kimefungwa kufuli. Mkono wake ukashika kweli mpini wa mwiko tayari kukwangua.

Kilichomzuia ni kumbukumbu ya kawaida kabisa. Kwenye shughuli, shangazi Mwanakheri akishapakua masinia ya wageni, alikuwa akiita wapishi wake wote wazunguke sufuria, anawagawia ukoko, na wakati wanautafuna anautazama. Huku umekuwa mweusi, pale wa dhahabu, hapa hakuna. "Ukoko ndio unaokuambia moto ulikuwa upande gani," alikuwa akisema. Ndivyo alivyojua kupika, na ndivyo alivyowafundisha wengine, na Mwatime miongoni mwao. Mwatime aliuweka mwiko ndani ya sufuria, akafunika, akaweka kata ya kitambaa kichwani na sufuria juu yake, na kwenda Barazani vilevile. Bi Makini alimfuata akiwa amejishika kifua.

Waonjaji walikuwa wamekaa nusu duara, vijiko mkononi. Katikati alikuwa Mwenyekiti, Bwana Taadhima, mtu mwenye tumbo la heshima na macho ya huruma ambayo hayakuwa yameombwa huruma kwa miaka mingi. Mwisho wa safu, karibu na mlango, alikaa Mzee Stahamili. Huyu alipata kiharusi akiwa kazini, na Baraza, kwa kuona linajadili kiharusi kila siku bila hata mwenye kiharusi mmoja, lilimteua awe mjumbe. Alikuwa akisema polepole, na wenzake, kwa wema, walikuwa wamezoea kumalizia sentensi zake kabla hajafika mwisho. Mara nyingi walimalizia tofauti na alivyokusudia, naye alikuwa ameacha kubisha.

Mwatime alifunua sufuria, akapakua. Waonjaji walionja, wakatikisa vichwa kwa ridhaa, na Bwana Kanuni akamwomba atangaze matokeo. Badala ya kutangaza, Mwatime alizamisha mwiko mpaka chini, akaukwangua ukoko kwa nguvu zake zote, na mkwaruzo ule ukasikika mpaka uani, ambako kuku walinyanyua vichwa. Akauvunja vipande, akauweka mbele yao.

Bwana Kanuni alisimama, akasema kwamba kwa mujibu wa sheria kitu hiki hakipo. Lakini harufu ilikuwa imeshapita mbele yake. Bwana Taadhima aliangalia kipande kilichokuwa karibu naye, cha dhahabu, kimenyonya mafuta na bizari, na uso wake ukaanza kufanya jambo ambalo nyuso za wenyeviti hazifanyi. Kwa kuwa Nafuu nako watu huzaliwa na mama, na mama hupika, na watoto hugombea ukoko. Waheshimiwa wale walikuwa wamekula wali laini kwa miaka hata wamesahau kwamba waliwahi kupigana na kaka zao jikoni. Mkono wa Mwenyekiti ulitoka wenyewe. Kisha na wa jirani yake. Baraza zima likawa linatafuna, na kwa muda hakuna aliyeweza kusema neno kwa sababu ukoko una kelele.

"Sasa niseme matokeo," alisema Mwatime. "Dawa yangu haiponyi. Niliwapa panya wazee, wenye presha, baada ya kiharusi, na hakuna aliyepona. Inachelewesha tu. Ile sehemu ya ubongo iliyokuwa ikifa, imekufa taratibu zaidi. Wale ambao niliwahi kuwazibua mshipa mapema, nikawarudishia damu, walibakiwa na ubongo mwingi kuliko wenzao. Lakini panya wangu ni wachache. Huenda nimejidanganya. Naomba mchele nikajue."

Bwana Kanuni alikuwa anafungua mdomo, lakini nyuma, kwenye mkeka wa wasikilizaji, mtu alisimama. Alikuwa Bi Makini. Alisema na yeye aliijaribu dawa hiyo kwa wazee, na hawakupona. Alipokaa, akasimama mtafiti wa mtaa wa pili, akasema na yeye. Akasimama mwingine pembeni ya dirisha. Akasimama mzee mmoja mwenye suti, mshindi wa ngoma nyingi, akasema yeye aliijaribu mara mbili maana mara ya kwanza alidhani kakosea. Watu wakaanza kutazamana. Nusu ya mkeka walikuwa wamesimama, kila mmoja amepika ukoko uleule, kila mmoja akidhani ni yeye tu, kila mmoja ametumia mchele wa nchi kuutupa kwa kuku. Mtu mmoja akacheka, akacheka na wa pili, na kicheko kikawashika wote, kile cha watu waliogundua kwamba walikuwa wakificha kitu kimoja. Bi Makini alicheka mpaka akafuta machozi kwa ukaya aliojifunika kichwani.

Kicheko kilipotulia Mwatime aliwauliza swali la shangazi yake, kwa namna yake: moto ulikuwa upande gani? Panya hawakupona, sawa, lakini walianza kulegea lini? Wengi walisema hawakuangalia, kwa kuwa sheria inauliza jambo moja tu, amepona au hakupona. Bi Makini alikumbuka. Wazee wake waliopewa dawa waliendelea kukanyagia mguu wa upande uliopigwa mpaka mchana, na wasiopewa walikuwa wameanguka asubuhi. Alidhani ni ukaidi wa uzee. Yule wa dirishani akasema hata kwake palikuwa na kitu kama hicho, na mwenye suti akashika kichwa, akakaa chini kufikiri.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza, na mjadala wa Nafuu haukimbizwi. Bwana Kanuni alieleza kwamba sheria za nchi zinatambua majibu mawili, amepona na lile jingine. Neno kuchelewesha limo katika sheria mahali pamoja tu, nalo ni kwenye adhabu za makarani. Mjumbe mmoja aliuliza kama inawezekana kupigia ngoma kitu kilichochelewa. Mwingine alitaka ijulikane kwamba panya wazee ni wabaya kutazama na watawavunja moyo wafadhili. Wa tatu alipendekeza dawa ipewe panya vijana, kabla ya kiharusi, ionekane kama itaponya, kisha irudi. Mwatime alisimama pale na sufuria yake tupu, akihisi mchele unamtoka mikononi.

Mzee Stahamili alikuwa amemaliza ukoko wake. Alikuwa ameula kwa mkono wa kushoto, na ilimchukua muda.

"Mimi nilipo... pigwa," alianza.

"Ulisikitika sana," alimalizia jirani yake kwa wema.

"Hapana," alisema Mzee Stahamili, na neno lile, ambalo halikuwa limesikika katika jengo lile tangu lijengwe, liliwafanya wote wageuke. Bwana Taadhima aliinua kiganja kuwazuia wenzake wasimsaidie. "Nilipopigwa, daktari alikuwepo. Wa kuzibua. Alikuwa ng'ambo ya mji. Nilifikishwa kwake jioni. Akasema ungekuja mchana." Alipumzika, na safari hii walimngoja. "Mmeniletea panya wengi waliopona. Nawashukuru. Mimi sikuhitaji kupona njiani. Nilihitaji kiharusi kichelewe."

Hata Bwana Kanuni alikaa. Bwana Taadhima aliutazama mkono uliolala wa mwenzake, ambao amekuwa akiuona kila kikao, kisha akaliomba Baraza lipige kura kwa kuinua kijiko. Vijiko vyote viliinuka. Cha Mzee Stahamili kiliinuka cha mwisho kwa sababu alikuwa akikitafuta sakafuni.

Mwatime alipewa mchele, wa kwake na wa Bi Makini, ili dawa ijaribiwe huku na kule kwa utaratibu mmoja. Panya wawe wazee na vijana, majike na madume, wenye presha na wenye sukari. Dawa ije baada ya kiharusi. Wastaafu wa nyuma ya ghala la mkaa walirudishwa kazini rasmi, na wakapewa makaribisho yenye ngoma ndogo. Likabaki suala la nani awatazame panya, kwa maana Mwatime alisisitiza mtazamaji asijue yupi kapewa dawa na yupi hakupewa. Baraza liliona kazi hiyo inamfaa Mzee Stahamili, ambaye kwa miaka yote ya ujumbe wake hakuna aliyewahi kumwambia chochote. Mzee aliikubali kwa furaha, na kesho yake alionekana Jumbani amevaa kanzu mpya, amekaa mbele ya panya, anawatazama bila haraka.

Haki inataka niseme na yaliyofuata. Baraza lilitunga sheria mpya, kwamba kuanzia sasa hakuna sufuria itakayopokewa bila ukoko. Kabla Mwatime hajafunga mizigo, waombaji walikuwa wameshaanza kuunguza wali kwa makusudi, na Bwana Kanuni anatayarisha kipimo cha weusi unaokubalika. Kuku wa uani wamekonda wakaanza kuruka ukuta. Lakini jioni, ule mkeka wa wasikilizaji haukunjwi tena. Watafiti hukaa pale wakiulizana wameunguza nini, na vicheko husikika mpaka mtaa wa panya waliopona, ambao wameanza kuona wamesahauliwa. Mwatime aliagwa na Bi Makini kwa kukumbatiwa kulikomtoa pumzi.

Namna magunia yale ya mchele yalivyovuka mpaka yakawa ruzuku huku kwetu ni siri ya forodha za nchi zile. Ninachojua ni kwamba kufuli halikufungwa.

Shangazi Mwanakheri alikuwa kibarazani, anajifunza kupepeta kwa mkono wa kushoto, mchele mwingi uko chini kuliko ungoni. Mwatime alikaa miguuni pake, akaokota punje huku akimsimulia yote, ngoma na kuku na vijiko. Alipofika kwenye sufuria, shangazi alimkatiza.

"Ukaunguza?"

"Nikaunguza, shangazi. Upande wa kushoto. Makaa yalizidi."

Shangazi alicheka. Upande mmoja wa uso ulicheka wote, na wa pili ukafuata ulipoweza. Kisha alitaka kujua kuhusu hao panya watakaojaribiwa, kama ni wale vijana wa hariri.

"Ni wazee," alisema Mwatime. "Wana presha, wengine wana sukari. Majike wengi. Na dawa hawapewi kabla. Wanapewa baada ya kuanguka."

Shangazi Mwanakheri aliweka ungo chini.

"Wanaanguka ghafla tu, wako na shughuli zao?"

"Ghafla tu."

"Basi ukienda kesho," alisema, "wasalimie."